Kupunguza Si Kuacha

Kila asubuhi nikifungua cherehani barazani, mwenye duka ananiuliza swali lile lile kabla hajaitikia shikamoo yangu. "Umeacha?" Namjibu, "Napunguza." Anacheka kicheko chake cha puani, ndipo anasema, "Marahaba."

Mimi ni fundi nguo. Miaka ishirini na ushei nimekaa kwenye baraza la duka lake la vitambaa hapa Gongoni, nikipunguza suruali za watu. Mtu ananunua suruali ya mtumba, kiuno kinampwaya, ananiletea. Namwambia tutoe inchi moja kwanza, avae, tuone, kisha tutoe nyingine, maana kitambaa kikishakatwa hakirudi. Wote wananielewa. Hakuna aliyewahi kunitaka nitoe kiuno chote kwa siku moja. Ila ilipofika zamu yangu ya kupunguza bangi, mtaa mzima ukawa hodari wa mkasi. Watu hao hao wanaomwambia mtoto haraka haraka haina baraka walitaka mimi niwe nimemaliza kabla ya Alhamisi.

Nilianza kuvuta nikiwa najifunza ushonaji. Sikuwa mtu wa fujo. Nilivuta misokoto mitano kwa siku: mmoja kabla ya kukaa kwenye mashine, mmoja saa nne, mmoja baada ya chakula, mmoja alasiri, na wa kulalia. Nilikuwa nikijidanganya kwamba mkono wangu unatulia zaidi nikivuta, na kwa sababu kazi ilikuwa inatoka, hakuna aliyenibishia. Mke wangu alinibishia, lakini kwa upole wake, na upole wa mke ni rahisi sana kuuzoea.

Kisha ikaja siku ya mvua. Ilikuwa zamu yangu kumchukua binti yetu madrasa, ana miaka saba. Nilikuwa nyuma ya duka nimekaa juu ya debe, navuta ule wa alasiri, nikitazama maji yanavyoshuka kwenye bati, na yalinipendeza kweli. Mke wangu alimkuta mtoto kasimama peke yake chini ya ukingo wa paa la madrasa, msahafu wake kauficha ndani ya baibui ili usilowe. Yeye mwenyewe alilowa chapa chapa.

Mke wangu ni mtu wa Usoke, binti wa wakulima wa tumbaku, na hana kelele. Hakugomba. Aliita kikao. Kwa upande wake alikuja mdogo wake wa kiume, shemeji yangu. Kwa upande wangu alikaa mwenye duka, kwa kuwa baba yangu hayupo tena na yeye ndiye aliyesimama siku nilipooa. Mzee huyo ni wa Waarabu wa hapa hapa Tabora, babu zake wamezikwa hapa, na Kinyamwezi anakijua kunishinda mimi Mnyamwezi.

"Mimi sitaki ahadi," mke wangu alisema. "Nimezisikia nyingi. Nataka nione."

Alitaka kuona. Hakutaka kusikia, na hakuna mtu katika chumba kile aliyeniomba kiapo. Hilo ndilo linaloniudhi mpaka leo nikilikumbuka. Lakini nimekua nikiwasikia wanaume wazima wakiapia talaka kwa mambo ya karata na mpira, na nilikuwa na aibu, na nilitaka mtu fulani mle ndani aniamini upesi. Nikafungua mdomo. "Nikivuta bangi tena," nikasema, "mke wangu kaachika."

Shemeji aliweka kikombe chini. Mwenye duka alisema, "Astaghfirullah, nani kakuuliza hayo?" Mke wangu aliinuka akaenda kuzima jiko. Mdomo uliponza kichwa, wanasema, lakini wa kwangu ulikiponza kichwa cha mtu mwingine.

Siku ya kwanza nilijiona bingwa. Siku ya pili usingizi ulikataa na shuka likalowa jasho kama la mtu mwenye malaria. Siku ya tatu ugali ulinishinda kumeza. Ya nne nilikata mkono wa kanzu ya mteja ukawa mfupi kwa inchi tatu, na mteja mwenyewe alikuwa sheikh wa msikiti wetu. Ya tano nilimfokea binti yangu kwa sababu aligusa pedali ya cherehani kwa mguu, jambo analolifanya tangu ajue kutambaa, na baada ya hapo akawa ananizunguka kwa mbali. Nilikuwa na hasira na kila kitu, hata na uzi. Siku ya sita nilikwenda nyuma ya duka, nikakaa kwenye debe langu, nikavuta. Niliumaliza wote. Ndipo nikakumbuka nilichokitamka.

Sikupata nafasi ya kujipanga. Mke wangu amekulia kwenye mabani, zile nyumba za kukaushia tumbaku, na pua yake inalijua jani lolote lililoguswa na moto. Nilipoingia tu ndani aliacha kuchambua mchele.

"Umevuta."

"Nimevuta."

"Basi umeniacha," alisema, kwa sauti ya kawaida kabisa, na akamalizia kuchambua ule mchele kwa sababu mtoto alikuwa hajala.

Katika Kiswahili chetu neno ni moja. Mtu huacha bangi, na mtu huacha mke. Mimi lile la kwanza lilinishinda, nikafaulu la pili bila kukusudia. Asubuhi yake walipanda basi la Usoke, yeye na mtoto, na begi moja.

Nilikwenda kwa sheikh nikiwa nimemshonea kanzu nyingine. Aliijaribu mikono kwanza, yote miwili, kisha akaniambia niyarudie maneno yangu kama nilivyoyasema. Nikayarudia. Akafumba macho kidogo.

"Talaka imeanguka moja," alisema. "Zimebaki mbili. Eda yake ni tohara tatu, yaani atoharike hedhi mara tatu. Ukimrejea kabla haijaisha, ni mkeo kwa neno lako, na mashahidi wawili ni bora. Ikiisha, utaposa upya kama mgeni, naye ana haki ya kukukataa."

Nilihesabu kichwani: kama miezi mitatu. Nikamwambia kwamba kuacha kwa mara moja kumenishinda, kwamba nafikiri nipunguze kidogo kidogo.

"Haramu haina nusu," alisema.

"Najua, sheikh. Lakini mimi ninayo."

Hakutabasamu. Nilipokuwa navaa viatu mlangoni aliniita. "Maradhi yana hospitali. Nenda. Na wewe usiape tena, hata kwa chai."

Mwenye duka aliposikia hukumu alifurahi kama aliyepewa yeye mke. "Neno moja tu! Mpigie sasa hivi, umwambie umemrejea. Mimi shahidi, na yule muuza kashata wa pili." Alikuwa tayari kashamwita muuza kashata. Nilimwambia hapana. Alinikasirikia siku nzima, na kusema kweli hata mimi nilijikasirikia, maana neno lenyewe lilikuwa jepesi. Ila neno jepesi ndilo lililotufikisha hapo. Nilitaka nimwendee mke wangu na kitu cha kuona. Kwa hiyo nikawa na miezi mitatu, na asiyejua siku inayoisha ni mimi, maana mahesabu ya tohara yako kwake.

Hospitali nilikaa kwenye benchi la watu wa afya ya akili, kofia nimeishusha mpaka kwenye nyusi, na bado wateja wangu wawili walinisalimia kwa sauti. Muuguzi alikuwa binti mdogo kwangu. Aliniamkia shikamoo, na hilo peke yake lilinipunguzia uzito. Aliniuliza mingapi, saa ngapi, tangu lini, na navuta na nani.

"Nani alikushauri uache yote siku moja?"

"Mimi mwenyewe."

"Wapo wanaoweza," alisema. "Lakini mwili uliozoea mitano kwa miaka yote hiyo unagoma. Usingizi, jasho, chakula, hasira, yale yote uliyoyaona. Wengi hapo ndipo wanaporudi."

Akanieleza. Nitoe mmoja, nikae wiki moja au mbili mpaka mwili utulie, kisha nitoe mwingine. Ule wa asubuhi nisianze kuutoa, niusogeze mbele tu, nusu saa, kisha saa. Nisiweke akiba ndani ya nyumba wala dukani. Nisikimbilie pombe wala vidonge vya usingizi vya kununua dirisha la duka la dawa. Nikiwa na wasiwasi usioisha, nikisikia sauti za watu wasiokuwepo, au nikifikiria kujidhuru, nisingoje siku ya kliniki, nije mara moja. Na la mwisho alilisema akinitazama usoni: "Baba, usichanganye na tumbaku."

Nilitoka pale nikiwa na furaha ya kwanza kwa muda mrefu. Mtu mmoja katika mji huu alikuwa amelitamka neno kupunguza bila kucheka. Nilichukua kile kimto changu cha pini, nikachomeka pini tano zenye vichwa vyekundu. Kila nikivuta natoa moja. Pini zikiisha, siku imeisha. Wiki ya kwanza nikaiweka kando moja, nikawa nachomeka nne kila asubuhi.

Sasa sikilizeni ujinga wangu. Kabatini nilikuwa na mafungu mawili ya tumbaku ya Usoke, zawadi ya shemeji ya tangu msimu uliopita, kwa ajili ya wazee wa ugoro. Harufu yake ilikuwa harufu ya ukweni. Nikawaza: huyu muuguzi ni mtu wa kuja, tumbaku ya kwetu haijui. Tumbaku ndiyo iliyomsomesha mke wangu. Tumbaku haina askari wa kunikamata. Nikawa natengeneza msokoto wenye bangi kidogo na tumbaku nyingi, na kila baada ya siku chache bangi inapungua na tumbaku inapanda. Pini zilishuka kama mchezo. Nne, tatu, mbili, ndani ya mwezi. Nilimtambia mwenye duka. Nilimtambia shemeji kwenye simu. Sikuwaambia kwamba katikati ya pini na pini navuta tumbaku tupu, mara kumi, mara kumi na mbili, kwa kuwa hiyo sikuichomekea pini.

Muuguzi alinisikia nikikohoa kabla sijafika mlangoni. Alinusa, akaomba nimwoneshe vidole.

"Umepunguza nini hapa, baba? Umehamisha."

Nilitaka kumjibu vibaya. Nilikuwa na majibu matatu mazuri. Lakini vidole vyangu vilikuwa vya njano mpaka kwenye kifundo, na mwezi mzima ulikuwa umekwenda na maji, mwezi wa eda. Nilirudi barazani nikayamwaga yale majani ya ukweni jalalani, na kwa wiki mbili nikawa napigana na viwili badala ya kimoja. Pini zilirudi juu hadi tatu. Mwenye duka aliziona. "Kumbe zinapanda pia?" aliuliza. Nilimjibu kwamba ndiyo, zinapanda, kama bei za vitambaa vyake.

Haba na haba hujaza kibaba, mji wote unaijua hiyo. Hakuna anayekwambia kwamba ukitaka kukimwaga kibaba hicho nacho utakimwaga kwa haba na haba, na kila siku mkono unakuuma. Pini ya tatu ilinichukua siku kumi na mbili kuitoa. Nilikuwa nikipata ndoto za ajabu, nashona nguo zisizo na mahali pa kutolea kichwa. Jioni nilitembea mpaka stesheni na kurudi, nikanywa maji mengi, nikasogeza ule wa kulalia mbele kidogo. Wateja niliwaonya mapema kwamba fundi wao ana kisirani kwa sasa, na wengine wakasema hawajaona tofauti.

Shemeji alipiga simu. Alikohoa kwanza, kwa kuwa ni mambo ambayo mwanamume haongei na shemeji yake. "Dada anasema," alisema, "imebaki moja."

Nilianza kushona sketi za shule za mtoto, mbili, za bluu. Sikuwa na kipimo chake kipya, nilimpima kwa kumbukumbu, na kwa kuwa watoto hawangoji, niliacha pindo kubwa. Siku ya kuondoka kwenda Usoke kimto kilikuwa na pini moja, na Ijumaa mbili zilizopita hakikuwa na pini kabisa. Mwenye duka alifunga duka akanifuata, bila kuombwa, na ndani ya basi alinifundisha njia nzima namna ya kusema "nimeacha" kwa sauti ya mtu mwenye uhakika.

Tulimkuta mke wangu uani kwao, kakaa mkekani, anachambua majani ya tumbaku kwa madaraja, vidole vyeusi kwa utomvu. Alimwamkia mzee, mimi akaniitikia salamu, akaendelea na kazi. Binti yangu alitoka mbio, akasimama hatua mbili kutoka kwangu, akanitazama uso kwanza. Nilimpa sketi. Alivaa moja juu ya gauni lake akamzungukia mama yake aione. Mke wangu aliligeuza pindo kwa ncha za vidole asilichafue.

"Umeacha?" aliuliza.

Mwenye duka alinikanyaga mguu. "Napunguza," nilisema. "Mmoja kwa siku. Ijumaa hakuna. Tumbaku nimeitupa, nilikuwa nimeichanganya nikajidanganya mwezi mzima. Sijaacha bado."

Mke wangu aliinua uso. "Nauliza kwenye pindo," alisema. "Umeacha kiasi gani?"

"Inchi nne."

Shemeji ndiye aliyeanza kucheka, kisha mzee, na mimi nikakaa pale na ukweli wangu ambao hakuna aliyeuuliza. Mke wangu hakucheka. Alipanga majani matatu, manne.

"Zimebaki siku chache," alisema. "Kama una neno, liseme. Sitaki kukaa nusu."

Nililisema, mbele ya mzee na shemeji, kwa utaratibu niliofundishwa na sheikh: nimekurejea katika ndoa yangu. Mwenye duka aliitikia kwa dua ndefu. Mimi nilikuwa nimeshasimama, natafuta begi lao kwa macho.

"Umenirejea," mke wangu alisema. "Hilo ni lako na limekwisha. Kurudi ni kwangu. Wewe unaacha kidogo kidogo, na mimi nitarudi kidogo kidogo. Nitakuja Ijumaa, Jumapili nitaondoka. Mtoto atasoma hapa hapa kwa sasa."

"Mke hapunguzwi," nilisema, na nilikuwa nimekasirika kweli.

"Neno kupunguza nimelisikia kwako."

Basi ndivyo tunavyoishi. Ijumaa wanakuja, Jumapili naenda kuwasindikiza stendi kama wageni. Mwezi wa pili alianza kuja Alhamisi. Kuna wiki nilipata mteja mkorofi nikavuta miwili kwa siku, siku mbili mfululizo. Nilimpigia simu nikamwambia, na Alhamisi ile hakuja, wala Ijumaa. Nilimlaumu mteja, nikalaumu basi, nikamlaumu mzee kwa kunitazama. Kisha nikarudi kwenye pini moja. Siku hizi kuna siku tatu katika wiki kimto kinabaki kitupu, na usingizi unakuja wenyewe, ingawa unachelewa kama fundi. Mwenye duka ameongeza swali la pili. "Mkeo karudi?" Namwambia, "Anarudi." Anacheka vile vile.

Jumapili iliyopita waliondoka kama kawaida. Nilifika nyumbani nikakuta sketi moja ya shule imetundikwa kwenye msumari nyuma ya mlango, imepigwa pasi. Nikasema huyu mtoto naye, kesho shule na sketi kaisahau. Nikaikunja kwapani nikakimbia mpaka stendi, jua la saa nane, umri wangu huu, na kifua kilichochomwa na tumbaku ya ukweni. Basi lilikuwa linatoka. Niligonga ubavuni, mke wangu akafungua dirisha, nikamnyooshea.

"Kaisahau," nilisema, nikihema.

Hakuipokea. "Hakuisahau," alisema. "Mimi ndiye niliyeiacha."

Basi likaondoka. Nilirudi nayo Gongoni, nikakaa kwenye mashine, nikafungua pindo inchi moja.